Mwanafunzi Muislamu mbele ya Meza ya Chuo: Somo katika Halali, Shubha na Adabu ya Kuuliza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake vilivyo vizuri na akawaharamishia vilivyo viovu. Sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

UTANGULIZI

Kila mwaka inapofika Septemba, familia nyingi za Waswahili walioko Oman na nchi nyengine za Ghuba huwasindikiza watoto wao uwanja wa ndege kwenda kusoma Uingereza. Baba huuliza habari za ada na nyumba. Mama huuliza habari za baridi, akafunga makoti na bizari katika sanduku. Suala la chakula huja mwisho, na mara nyingi jawabu lake huwa fupi: chuo kimesema kipo chakula cha kila mtu.

Kijana akishafika, akasimama peke yake katika ukumbi wa kulia na sinia mkononi, hapo ndipo suala lile linapomkabili. Nyuma yake wenzake wamejipanga. Mbele yake kuna vyakula asivyovijua majina. Na hapa vijana hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa wao wamo katika dharura, wakala kila wanachopewa. Kundi la pili hukiacha kila kitu, wakajifungia vyumbani kwa biskuti na chai, mpaka afya zao zikadhoofika na masomo yao yakaanguka. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hawakuuliza.

Somo hili limekusudiwa kubainisha lini kuuliza kunakuwa wajibu, nani aulizwe, na aulizwe nini.

WASAA WA KUTOJUA, NA MWISHO WAKE

Wanazuoni wa Kiibadhi, katika kufundisha misingi ya dini, wameyagawa mambo sehemu mbili: yale ambayo mtu ana wasaa wa kutoyajua, na yale ambayo hana wasaa wa kutoyajua. Katika waliyoyabainisha ni kuwa mtu huwa na wasaa wa kutojua uharamu wa kitu maadamu hajakitenda. Mkulima wa Nizwa ambaye hajapata kuiona divai maisha yake yote hakukalifishwa kujifunza namna inavyotiwa katika mchuzi wa Kizungu. Lakini mwanafunzi aliyeusimamia mchuzi ule, sahani mkononi, wasaa wake umemalizika. Yupo karibu na tendo, na mwenye kujua yupo karibu naye.

Hapo humlazimu kujua mambo mawili: hukumu ya kitu, na hali ya kitu. Hukumu huulizwa kwa wanazuoni, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43, kwamba wasiojua wawaulize wenye ujuzi. Hali ya kitu huulizwa kwa mpishi. Sheikh aliyeko Maskati hajui kilichomo ndani ya sufuria ya London, na mpishi wa London hajui hukumu ya kilichomo. Mwanafunzi ndiye anayewaunganisha wawili hao, na hakuna mwengine atakayemfanyia kazi hiyo.

Ama dharura, hiyo imetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 173, baada ya kutajwa uharamu wa nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu. Ruhusa hiyo ni ya aliyelazimika, asiyekuwa na tamaa wala kupindukia mpaka. Mwanafunzi anayeishi katika mji wenye soko, mayai, samaki, maharage na mchele hakulazimika. Huyo ana taabu, na taabu si dharura.

MISINGI MIWILI YA KUPIMIA

Mwanafunzi akiwa na misingi miwili atayapima mengi ya yaliyomo ukumbini.

Msingi wa kwanza: asili ya vyakula ni kuhalalika mpaka ipatikane dalili ya kuharamika. Katika hivi mna nafaka, mboga, matunda, maziwa, mayai, na samaki, ambao uhalali wao umetajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96. Vitu hivi havitiliwi shaka bure. Anayeukataa mkate mkavu au tofaa kwa kuwa limekatwa na asiyekuwa Muislamu amejikalifisha asichokalifishwa.

Msingi wa pili: nyama ya mnyama wa nchi kavu hailiwi mpaka ijulikane kuwa imehalalishwa kwa kuchinjwa. Shaka katika nyama si sawa na shaka katika tofaa.

Baadhi ya vijana huitegemea aya ya 5 ya Sura ya Al-Maida, iliyohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Aya hiyo ni ya haki na haikufutwa. Lakini wenye kuitumia lazima waangalie hali ilivyo leo. Katika machinjio ya kisasa aghalabu haijulikani mchinjaji ni mtu wa dini gani, au hana dini kabisa. Kuku wengi hupitishwa katika gesi kabla ya kuchinjwa, na wengine hufia humo humo. Aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, hata akiwa mikononi mwa Muislamu. Basi aya haimwondolei mtu jukumu la kujua nyama imepatikanaje.

Wengine hutegemea hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (R.A.) juu ya watu waliokuwa wakiletewa nyama, wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, nao wakaamrishwa walitaje wao kisha wale. Nyama ile ililetwa na watu walioingia katika Uislamu karibuni. Mafundisho yake ni kumdhania kheri Muislamu, wala si ruhusa ya kufumba macho mbele ya kila sahani.

UKUMBI WA CHUO ULIVYO

Dahalia za vyuo vya Uingereza zina namna mbili. Ipo ambayo kodi yake imejumlisha chakula, aghalabu chakula cha asubuhi na cha jioni kwa siku za kazi, ambacho huliwa ukumbini kwa saa maalumu. Na ipo ambayo wanafunzi hupewa jiko la kushirikiana wakajipikia wenyewe. Chaguo hili hufanywa wakati wa kuomba chumba, miezi kabla ya safari, na mkataba ukishatiwa saini huwa vigumu kuubadilisha. Kwa hivyo mzazi asingoje mtoto afike ndipo aulize. Barua moja katika mwezi wa Mei ina manufaa kuliko malalamiko kumi katika mwezi wa Oktoba.

Ndani ya ukumbi, vyakula hupangwa mbele ya wahudumu na vibao vidogo vyenye alama. Alama hizi ni msaada, lakini kila moja ina mpaka wake.

Alama ya halali. Huhusu nyama, na thamani yake ni thamani ya aliyeitoa. Uingereza vipo vyombo kadhaa vya kuthibitisha halali, na havikukubaliana katika kila jambo. HFA, kilichoanzishwa mwaka 1994, hukubali baadhi ya namna za kumduwaza mnyama zisizomuua kabla ya kuchinjwa. HMC, kilichoanzishwa mwaka 2003, hakikubali kuduwaza kabisa. Mwanafunzi aulize cheti ni cha nani, kisha amuulize sheikh wake kama cheti hicho kinatosha.

Alama ya chakula cha mboga. Humhakikishia mlaji kuwa hamna nyama, samaki wala gelatini. Lakini haimhakikishii kuwa hamna pombe. Uyoga uliopikwa kwa divai nyeupe ni chakula cha mboga katika hesabu ya mpishi. Keki iliyoroweshwa katika pombe tamu nayo ni hivyo hivyo. Huu ndio mlango unaowaingiza wengi katika haramu, nao wanadhani wamejihifadhi.

Orodha ya vitu vyenye kudhuru. Tangu Desemba 2014, sheria inawataka wenye kuuza chakula Uingereza waweze kumwambia mlaji kama kina chochote katika vitu 14: nafaka zenye gluteni kama ngano, kaa na kamba, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, njugu za mitini kama lozi na korosho, seleri, haradali, ufuta, salfaiti, lupini, na chaza na ngisi na jamii zao. Sheria hii ni neema kwa wagonjwa. Lakini ni sheria ya mwili, haikuwekwa kwa ajili ya dini. Nguruwe hamo katika orodha ile. Pombe haimo. Gelatini haimo. Jiko linaweza kuitimiza sheria yote mpaka herufi ya mwisho, na Muislamu akala haramu.

Hivyo basi kibao hakitoshi, na ulimi wa mwanafunzi ndio unaokamilisha.

MASUALA MATANO YA KUMUULIZA MPISHI

Kwanza: Nyama hii imenunuliwa kwa nani, na cheti chake kimetolewa na chombo gani?

Pili: Je, chakula hiki kimetiwa divai, bia au pombe yoyote katika kupikwa kwake? Wapishi wengi husema kuwa pombe imeruka kwa moto. Muulizaji asibishane nao. Suala lake ni kama imetiwa, si kama imebakia.

Tatu: Je, supu na mchuzi vimepikwa kwa maji ya mifupa au ya nyama? Supu ya mboga huweza kupikwa kwa maji ya kuku asiyejulikana alivyochinjwa.

Nne: Je, kitindamlo hiki kina gelatini, na imetokana na mnyama gani? Gelatini hutolewa katika ngozi na mifupa, nyingi yake ikiwa ya nguruwe na ya ng'ombe, nayo hutumika kugandisha jeli na baadhi ya vitu vitamu na mtindi.

Tano: Je, mafuta ya kukaangia viazi ndiyo yanayokaangia nyama? Na je, koleo na vijiko vya kupakulia huhama kutoka sahani ya nguruwe kwenda sahani nyengine? Halali iliyoguswa na najisi mbichi imeshachafuka, hata kibao chake kikiwa kizuri.

ADABU YA KUULIZA

Mwenye kuuliza asiulize wakati wa msongamano, watu ishirini wakiwa nyuma yake. Aende saa ambayo ukumbi ni mtupu, amtake msimamizi wa jiko, ajitambulishe kwa jina, na aseme haja yake kwa maneno machache na ya upole. Bora zaidi atangulize barua kabla ya kufika, ataje ndani yake vitu asivyokula kimoja kimoja. Asitosheke na neno Muislamu peke yake, kwa sababu mpishi wengine huliona neno hilo lina maana ya kutokula nguruwe tu, basi.

Akijibiwa vizuri, ashukuru. Akiambiwa hapana, ashukuru vile vile, kwani aliyemwambia ukweli amemhifadhia dini yake. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula: alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Basi mwanafunzi asikunje uso mbele ya chakula cha wenyeji wake, wala asiwakejeli wanaokila. Aache kwa ukimya.

Na achukue kidogo kidogo. Katika kumbi zenye chakula cha kujipakulia, nafsi huvutika kujaza sahani kisha nusu ikatupwa. Neema ya Mwenyezi Mungu kutupwa jaani ni katika kuikufuru neema, na hilo linapaswa kumuogopesha Muislamu kama linavyomuogopesha lile sinia la nyama.

MGONJWA NA MWENYE KUDHURIKA

Wapo wanafunzi ambao pamoja na hukumu za dini wana maradhi. Mwenye maradhi ya seliaki hudhurika na gluteni ya ngano hata kwa chembe za mkate zilizobakia katika mashine ya kuchomea mkate. Mwenye kudhurika na karanga huweza kuvimba koo na kufa katika muda mfupi.

Hawa wana wajibu wa ziada. Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, watu kujitia wenyewe katika maangamizi. Anayeona haya kuuliza, akala kwa kubahatisha, ameingia katika katazo hilo. Mwenye sindano ya adrenalini aichukue kila aendapo, na amwambie mwenzake wa chumba ilipo na namna ya kuitumia.

Na katika barua yake kwa chuo, mwanafunzi wa namna hii atenganishe sehemu mbili: hivi havili kwa sababu ya maradhi, na hivi havili kwa sababu ya dini. Akivichanganya huenda akapewa kimoja akanyimwa kimoja. Binti mwenye seliaki anayeambiwa ale soseji za mboga kwa kuwa hazina nguruwe huweza kuumwa usiku ule ule, kwani nyingi ya soseji hizo zimeshikanishwa kwa ngano.

KARAMU RASMI NA MEZA YENYE POMBE

Katika baadhi ya vyuo, hasa vya Oxford na Cambridge, ipo desturi ya karamu rasmi za jioni. Wanafunzi huvaa majoho, husomwa dua fupi kwa Kilatini, na divai huletwa mezani. Mwanafunzi mgeni hualikwa katika wiki zake za mwanzo, na huona vigumu kukataa.

Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) makatazo ya kukaa katika meza inayozungushiwa pombe. Katazo hili halikufungamana na kunywa. Limefungamana na kukaa. Basi kijana asijidanganye kwa kugeuza bilauri yake juu chini. Na aangalie kwanza, kwani vyuo hivyo hivyo aghalabu vina chakula cha kawaida cha kila siku kisichokuwa na pombe mezani, na hapo ndipo mahali pake. Kama karamu ni ya lazima kwa masomo yake, amwandikie mwalimu wake mapema ili aombe udhuru au meza isiyo na pombe. Wenyeji huheshimu neno lililotangulia kuliko kiti kilichoachwa wazi.

RAMADHANI UKUMBINI

Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Kizungu. Mwaka 2016 uliangukia Juni na mwanzo wa Julai, wakati ambapo jua la London huchwa baada ya saa tatu za usiku, na jiko limekwisha fungwa. Mwaka 2030 unatazamiwa kuingia mara mbili, Januari na Disemba, wakati ambapo jua huchwa karibu na saa kumi za jioni, kabla ya ukumbi kufunguliwa. Kwa hali zote mbili, saa za chuo na saa za kufuturu hazikutani.

Kwa hivyo wanafunzi Waislamu wa dahalia moja wakutane mwezi mmoja kabla, wapeleke ombi moja lenye majina yao yote, wataje saa ya magharibi na ya alfajiri kwa kila wiki, na waombe wafungiwe chakula chao kwa ajili ya futari na daku. Jiko lililojulishwa mapema huweza kupanga. Jiko lililoshtukizwa usiku wa kwanza haliwezi.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Mwanafunzi amekula mchuzi kwa wiki tatu, kisha akajua kuwa ulikuwa na divai. Afanye nini?

Jawabu: Ikiwa aliuliza akajibiwa kuwa hamna, basi amekosea bila ya kukusudia, na katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, imebainishwa kuwa hapana lawama kwa lililokosewa, ila kwa lililokusudiwa na nyoyo. Ikiwa alikuwa na shaka na akaweza kuuliza, naye asiulize, basi atubie kwa Mola wake kwa uzembe huo, na aache tangu saa ile.

Suala: Sahani na vikombe vya ukumbi vimewahi kuliwa nguruwe na kunywewa pombe. Je, vinafaa?

Jawabu: Sahaba Abu Tha'laba Al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaelekezwa kuwa vikipatikana vyengine wavitumie hivyo, na visipopatikana wavioshe kisha wavile. Sahani iliyooshwa vizuri haina ubaya.

Suala: Mzazi ameshalipa kodi ya mwaka mzima pamoja na chakula, na ukumbi hauna nyama ya halali. Je, mtoto ale ili fedha zisipotee?

Jawabu: Hasara ya fedha si dharura. Mtoto ale vilivyo halali ukumbini, kama mayai, samaki asiyetiwa pombe, maharage, wali na matunda, na achukue nyama katika duka la Waislamu kila inapowezekana. Na mzazi aandike kuomba chumba chenye jiko, kwani wanafunzi huondoka katikati ya mwaka na vyumba hupatikana.

Suala: Je, kijana akae peke yake wakati wote wa kula, ili ajihifadhi?

Jawabu: La. Kula pamoja na wenzake wasiokuwa Waislamu si haramu kwa dhati yake, pasipokuwa na pombe mezani. Aangalie sahani yake na kijiko chake, na tabia yake iwe njema. Huenda swali la mwenzake, kwa nini huli hiki, likawa ndio mwanzo wa kheri.

HITIMISHO

Imepokewa katika hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir (R.A.) kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yao yamo mambo yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui, na mwenye kuyaepuka ameihifadhi dini yake na heshima yake. Zingatieni, enyi wazazi, kuwa Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa hakuna anayeyajua. Wengi hawayajui, na wachache wanayajua. Na aliyetaka kuwa katika wachache hao njia yake ni kuuliza.

Basi kabla ya kumfungia mtoto makoti, afundishwe masuala matano. Na ayarudie mbele ya baba na mama, kwa lugha atakayoitumia huko, mpaka ulimi wake usione haya. Haya ya kuuliza huondoka kwa dakika moja. Kilichoingia tumboni hakirudi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Kiislamu popote walipo, awaruzuku kilicho halali na kizuri, awatosheleze kwa halali yake wasiihitaji haramu yake, na awarudishe kwa wazee wao wakiwa na elimu, afya na dini iliyosalimika. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.